Kumtafutia Shifaa Mtoto Mwenye Kifafa

Mzazi ambaye mwanawe ameanguka kwa mara ya kwanza, akakaza viungo, akageuza macho, akatoka povu, na hatimaye akalala usingizi mzito asijue lililompata, hukuta kabla hajapumua vema kwamba nyumba imekwisha kujaa washauri: bibi wa mtoto asema ni shetani wa upande wa kuumeni, jirani amjua mganga wa kijiji cha pili ambaye hajapata kushindwa, mwalimu wa chuo ajitolea kusoma na kuandika kombe, mchungaji aahidi maombi ya usiku kucha, na shemeji aliyefika mjini ashikilia kwamba itafutwe gari waende hospitali. Wote hao aghalabu wana nia njema, na kila mmoja ana mfano wa mtoto aliyepona kwa njia aitajayo. Na mzazi, katika fadhaa yake, hutaka kuzishika njia zote kwa pamoja. Nasaha hizi zimeandikwa kwa ajili ya mzazi huyo, si kwa kumlaumu kwa alikopita au anakokusudia kupita, bali ajue lipi litangulie, lipi laweza kufuatana nalo, na lipi liepukwe katu.

Na asidhani mtu kwamba kuhangaika huku ni kwa wasiosoma. Mwaka 1841 tabibu wa Kiingereza, William James West, aliandika katika jarida la Lancet habari za mwanawe mchanga aliyekuwa akiinamisha kichwa kwa mshtuko hadi magotini, mara kwa mara, mfululizo baada ya mfululizo, huku akili yake ikizidi kurudi nyuma. Akaeleza jinsi alivyomtia miruba, alivyompa haluli ya zebaki, alivyomkata ufizi na kumwogesha kwa maji ya moto, na jinsi alivyomchukua hadi London kwa matabibu mashuhuri wa zama zake, asipate faida. Na barua yenyewe ilikuwa ni kuwaomba matabibu wenziwe, kama yuko ajuaye, amwambie. Huyu alikuwa mwenye elimu yote iliyopatikana wakati ule. Mzazi wa leo ana bahati ambayo West hakuipata, nayo ni kwamba dawa zipo. Kwa hiyo kosa la leo si kutafuta, ni kutafuta pengine pote na kuiacha ile iliyo karibu.

Jambo la kwanza la kupambanua ni kama lililompata mtoto ni degedege la homa au ni kifafa, kwa kuwa tiba zake hazifanani. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 aweza kukakamaa na kutetemeka kwa sababu ya homa, kisha homa ikiondoka asishikwe tena maisha yake yote. Huyo hana kifafa wala hahitaji dawa ya kila siku. Walakini katika nchi zetu homa yenye degedege si ya kuaminiwa, maana nyuma yake huenda imejificha malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na maradhi mawili hayo huua kwa saa, hayangoji siku. Katika pwani yetu, tangu Kilifi ambako Wagiriama hulitaja kwa jina la nyuni hadi Bagamoyo, imekuwapo itikadi ya kale kwamba degedege huletwa na ndege wa usiku apitaye juu ya mtoto, na kwamba mtoto aliyeshikwa nalo akidungwa sindano hufa. Itikadi hii ya pili ndiyo yenye hatari, kwani humfanya mzazi azunguke kwanza kwa mafusho na majani, amfikishe mtoto hospitali akiwa amekwisha kulemewa, na akifa baada ya sindano, sindano ndiyo ibebeshwayo lawama. Mtoto mwenye homa na degedege apelekwe kituoni saa ile ile, apimwe damu, na akihitaji sindano adungwe. Tena aliyenusurika malaria ya kichwa aendelee kuangaliwa, kwa sababu uchunguzi uliofanywa Kilifi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto hao huja kuonekana na kifafa baadaye, zaidi kuliko wenzao ambao hawakupatwa.

Kifafa, kwa upande wake, husemwa pale mtoto anaposhikwa mara mbili au zaidi, baina ya mara na mara ikiwa imepita zaidi ya siku moja, pasipo homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Asili yake ni katika ubongo, na hili si neno jipya la wazungu: Ibn Sina alikiweka kifafa miongoni mwa maradhi ya kichwa katika kitabu chake cha Qanun, karibu miaka 1000 iliyopita. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana upitao baina ya chembe zake, na umeme huo ukilipuka kwa wingi na kwa pamoja, mwili hutii mlipuko. Kinachousababisha hutofautiana: mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyeumia kichwa, aliyepona uti wa mgongo, aliyerithi udhaifu huo katika aila yake, na wengine ambao sababu yao haijulikani hata kwa vipimo vyote. Zipo pia sababu za mahali: Mahenge, katika mkoa wa Morogoro, kifafa kimefungamana na maradhi ya usubi yaletwayo na inzi wadogo wa mitoni, na ndiyo sababu dawa ya usubi igawiwayo vijijini isikataliwe, na penye ufugaji wa nguruwe wa kuachiwa, kama huko Mbulu, mabuu ya tegu hukaa ubongoni. Na wasiokula nguruwe wasijione wamesalimika, kwa kuwa mabuu hayo hayapatikani kwa kula nyama, bali kwa kumeza mayai ya tegu yatokayo katika choo cha binadamu mwenye mnyoo, kwa njia ya maji, mboga au mikono isiyooshwa.

Sasa tuje kwenye saa yenyewe ya kushikwa, maana hapo ndipo mikono mingi huharibu. Akianguka, tazama saa. Muondoshee moto, mawe na maji, mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje, mlegezee kola na mshipi, mtie kitu laini chini ya kichwa, kisha ukae naye. Usimtie kijiko wala kijiti kinywani, kwani ulimi haumezwi, ila meno huvunjika na vipande humkaba. Usimshike kwa nguvu kumzuia kutetemeka. Usimnyweshe maji wala dawa hali hajarudiwa na fahamu. Wala usipoteze wakati kwa kumnusisha vitu vyenye harufu kali. Aghalabu huisha yenyewe katika dakika 2 au 3. Ikipita dakika 5 haijaisha, au ikiisha kisha ikaanza tena kabla hajazinduka, hiyo ni hatari ya uhai, na mtoto apelekwe hospitali bila ya kungoja mtu, akapewe dawa ya kuikata, ambayo mara nyingi ni diazepam. Na mzazi wa mtoto ashikwaye kwa muda mrefu amuulize tabibu kama aweza kufundishwa kuitia kwa njia ya haja kubwa nyumbani.

Kuhusu mate na povu nitasema kwa mkazo, kwa sababu watu wameungua kwa ajili ya dhana hii: kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa ushuzi, si kwa chombo alicholia. Daktari Louise Jilek-Aall, mwanamke wa Kinorwe aliyefika Mahenge wakati wa Tanganyika na kuanzisha huko kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto, kwa kuwa walipoanguka jikoni waliowazunguka waliogopa kuwagusa. Mguse mtoto. Mvute atoke motoni.

Si kila kifafa huangusha. Yuko mtoto ambaye huduwaa tu kwa sekunde chache, macho yametumbua, kisha huendelea na alilokuwa akilifanya, na mwalimu humchapa kwa kutosikiliza. Yuko atetemekaye mkono mmoja au upande mmoja wa uso. Yuko ashikwaye usingizini tu, akaamka amejing'ata ulimi na kukojoa kitandani. Na iko ile aliyokuwa nayo mwana wa West, ambayo kila mwenye mtoto mchanga aijue: mtoto, aghalabu wa chini ya mwaka mmoja, hujikunja ghafula au kurusha mikono mbele, akaachia, akarudia, mafungu kwa mafungu, zaidi anapoamka, na pengine akalia kila baada yake. Wengi husema ni mchango, au ni tumbo, wakampaka mafuta. Hii haingoji siku ya kliniki ya mwezi ujao. Mtoto afikishwe hospitali kubwa yenye daktari wa watoto katika siku zile zile, kwa maana dawa zake ni za namna nyingine, za homoni, au vidonge vya prednisolone, au vigabatrin, na kila wiki ipitayo bila ya tiba huila akili ya mtoto.

Tabibu hataiona ile hali kwa macho yake, isipokuwa kwa bahati. Kwa hiyo ushahidi wako ndio kipimo kilicho bora kuliko vyote. Aliyeshuhudia ndiye aende, si baba aliyekuwa safarini. Akumbuke ilianzia wapi mwilini, macho yaligeukia upande gani, ilidumu muda gani, mtoto alikuwaje baadaye, na alikuwa na homa au la. Na kwa kuwa leo karibu kila nyumba ina simu yenye kamera, mmoja amshike mtoto na mwingine apige picha za kutembea, zikaonyeshwe. Weka daftari la tarehe na saa za kila kushikwa. Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho kilianza kwa Hans Berger wa Ujerumani aliyechora umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, husaidia kujua aina ya kifafa, na hospitali za rufaa kama Muhimbili hukifanya. Lakini karatasi yake yaweza kutoka safi ilhali mtoto ana kifafa kweli, wala dawa haipaswi kungojeshwa miezi kwa sababu mzazi hana nauli ya kwenda kupimwa.

Dawa zenyewe, msomaji, ndizo nguzo ya jambo hili, na yote mengine ni ya kuegemea. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila ya kushikwa lau wangetibiwa ipasavyo. Na bado katika nchi maskini wengi wao, robo tatu, hawaipati tiba hiyo, ingawa gharama ya dawa kwa mwaka mzima yaweza kushuka hadi dola 5. Ya kale kati ya zitumikazo sana ni phenobarbital, ambayo Alfred Hauptmann aliitangaza kwa kifafa mwaka 1912. Ikafuata phenytoin mwaka 1938, kisha carbamazepine na valproate. Hakuna iliyo bora kwa kila mtoto. Carbamazepine, mathalan, hufaa sana kwa kifafa kianzacho upande mmoja wa mwili, lakini yaweza kukizidisha kile cha kuduwaa. Basi usimwazime mwanao vidonge vya mtoto wa jirani kwa kuwa vyote ni "dawa ya kifafa".

Dawa hizi haziondoi asili ya maradhi. Huutuliza ubongo maadamu zimo katika damu kwa kiasi kitoshacho, na mwili huzitoa siku zote, kama mtungi uvujao ambao maji yake hubaki kimo kile kile kwa yule tu ajazaye kila siku. Kwa hiyo hupewa mtoto hata siku ambazo hajashikwa, na hasa siku hizo. Phenobarbital huchukua wiki 2 au 3 kufikia kimo chake, na mzazi ambaye siku ya nne husema "haifanyi kazi" akaiacha, hajaijaribu. Ukisahau dozi, mpe ukumbukapo, lakini usimpe maradufu ikiwa ya pili imekaribia. Usizikate ghafula kwa sababu yoyote, maana ubongo uliozoea kutulizwa ukinyimwa mara moja hulipuka vibaya kuliko hapo kwanza, na mtoto aweza kushikwa mfululizo bila ya kuzinduka. Hupimwa kwa uzito wa mtoto, basi mtoto akikua kipimo nacho hukua, na dozi ya miaka mitatu iliyopita si dozi. Tena usome maandishi ya kopo kila unapopewa jipya: phenobarbital hutengenezwa kwa vidonge vya miligramu 30, na vya 60, na vya 100, na vyote vyaweza kuwa vidogo na vyeupe, aliyezoea kumpa viwili vya 30, akipewa kopo la 100 bila ya kuangalia, atamlaza mtoto kutwa nzima, au atamdhuru.

Madhara ya dawa yapo, na mzazi ana haki ya kuambiwa kabla hajayaona. Phenobarbital humfanya mtoto asinzie mwanzoni, au, kinyume chake, awe mtundu asiyetulia wala kushika masomo, na hilo likiendelea mwambie tabibu aangalie kuibadili, usikae nalo miaka ukidhani ndiyo tabia yake. Phenytoin huvimbisha ufizi, na meno hutaka kusafishwa kwa bidii zaidi. Valproate yaweza kudhuru ini, hasa la mtoto wa chini ya miaka 2, nayo humharibu kiumbe aliye tumboni, kwa hiyo binti anapokaribia kuvunja ungo mazungumzo ya kuibadili yaanze mapema, bila ya haya. Na upele unaotokea katika wiki za kwanza, pamoja na homa au vidonda vya kinywani na machoni, ni wa kukimbilia hospitali siku ile ile. Kila uendapo kutibiwa kwa jambo jingine lolote, hata jino au malaria, tangulia kusema kwamba mtoto ana kifafa na utaje dawa zake. Mefloquine ya malaria, kwa mfano, si ya kupewa mwenye kifafa.

Nimelieleza la hospitali kwa urefu, nami sasa nakuja kwa zile tiba nyingine, ambazo wazazi wengi huziendea, wengine kabla na wengine kwa siri baada.

Dua na kisomo, sala na maombi, havigombani na kidonge. Waislamu wanayo hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyekuwa akianguka, akamwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka amwombee, akapewa hiari baina ya subira na dua, akachagua subira ila akaomba asifunuke nguo anapoanguka, wala hadithi hiyo haimdharau mgonjwa, haimwiti mwenye dhambi, haimtupi nje ya watu. Na mafundisho yale yale yamewahimiza waja wajitibu. Kombe la zafarani na marashi ya mawaridi, likiandikwa katika sahani safi na kuzimuliwa kwa maji safi, sina neno nalo. La wino wa dukani nalikataza, kwa kuwa wino si wa kunywewa. Shehe au mchungaji amwekee mtoto mkono, mama apate utulivu wa moyo, ambao nao ni dawa kwake yeye mwuguzaji. Kisha jioni ikifika kidonge kitolewe kopoini kama kawaida.

Lakini yako mambo yatendwayo kwa jina la tiba ambayo ni madhara matupu. Chale kwa wembe uliopita kwa wengine huleta pepopunda na virusi vya UKIMWI. Kumfunika mtoto kwa blanketi juu ya mafusho mazito, na hali pumzi yake imekwisha kuwa nzito, kwaweza kumziba roho. Kumchoma kwa chuma, kumfunga kamba, kumshindisha njaa siku tatu ili "shetani atoke", hayo ni mateso, na mzazi asiyakubali hata yakiongozwa na mtu mwenye kilemba au kanzu ya dini. Na liko moja lisilojulikana na wengi: kafuri, ambayo hukaa katika makabati ya nyumba nyingi za pwani, ikinywewa huleta kifafa hata kwa mtu asiyekuwa nacho, na katika miaka ya 1930 iliwahi kutumiwa na madaktari wa Ulaya kwa makusudi ili kuwashtua wagonjwa wa akili kwa njia hiyo, basi isimkaribie mtoto huyu, wala kwa kunywa wala kwa kumsinga. Mafuta ya mkaratusi yasinywewe vilevile.

Ama mizizi na majani, sitasema kwamba yote ni bure, kwa kuwa dawa nyingi za hospitali zilianza katika mimea; nasema kwamba kipimo chake hakijulikani, kwamba kikombe cha leo si sawa na cha kesho, na kwamba dawa za kifafa huchakatwa na ini lile lile litakalochakata mizizi hiyo, kwa hiyo moja yaweza kuizidisha nguvu nyingine hadi ikawa sumu, au kuipunguza hadi mtoto akaanguka. Kama umekwisha kumpa, mwambie tabibu. Na hapa nageuka kidogo kwa tabibu na muuguzi: mzazi akikwambia ametoka kwa mganga, usimkaripie mbele ya foleni, kwani ukimkaripia hataacha kwenda, ataacha kukwambia. Huko Kilifi wachunguzi wa afya walikaa na waganga wa kienyeji wakawasikiliza, wakaona kwamba mganga ambaye watu humwendea kwanza aweza kuwa ndiye awaelekezaye hospitali. Huo ni uungwana wenye faida kuliko matusi.

Kipimo changu cha mganga yeyote, awe wa miti, wa kitabu au wa kanisa, ni kimoja: je, anataka mtoto aache vidonge? Asemaye, "endelea na dawa zako, nami nitafanya yangu," waweza kumstahi. Asemaye kwamba yake haifanyi kazi mpaka ya hospitali iachwe, au kwamba kumeza kidonge ni upungufu wa imani, muage kwa adabu na usirudi kwake, hata akiwa jamaa. Na adaiye ng'ombe, au fedha za ada ya shule ya watoto wengine, kwa ahadi ya kukiondoa kifafa milele, amekwisha kukuonyesha anachokitafuta.

Ziko njia mbili ambazo huitwa mbadala na bado zimo mikononi mwa matabibu. Moja ni ulaji wa mafuta mengi na wanga kidogo mno, ulioanzishwa na Daktari Russell Wilder katika hospitali ya Mayo huko Marekani mwaka 1921, baada ya watu kuona tangu zamani kwamba kufunga hupunguza kifafa. Ulaji huu humsaidia vema mtoto ambaye dawa zimemshinda, na karibu nusu ya wanaoufuata hupungukiwa na kushikwa kwa nusu au zaidi. Lakini si kumnyima ugali na wali kwa kubahatisha nyumbani. Kila mlo hupimwa kwa mizani, damu huangaliwa, vitamini huongezwa, kwa sababu waweza kuleta mawe ya figo na kumzuia mtoto kukua, na kwa watoto wenye kasoro fulani za kuzaliwa nazo huua. Ya pili ni kanabidioli, inayotolewa katika mmea wa bangi, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali cha utotoni. Hiyo ni dawa iliyosafishwa na kupimwa, haina kile kileweshacho. Moshi wa bangi, au bangi iliyochemshwa, si hiyo, na kumpa mtoto ni kumdhuru na kuvunja sheria.

Dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kumezwa kwa kipimo cha kutosha zikishindwa, hapo ndipo pa kudai rufaa, badala ya kukata tamaa na kuanza mzunguko wa waganga upya. Kwani huenda aina ya kifafa ilikosewa, au upo upasuaji, au ndiyo nafasi ya ulaji ule nilioutaja.

Mtoto aende shule, na mwalimu aelezwe la kufanya, kwa kuwa kumficha ndani humdumaza kuliko maradhi yenyewe. Asioge baharini wala kisimani peke yake, asipande minazi na miembe, na jiko la mafiga liinuliwe au lizungushiwe kinga. Alale vya kutosha, maana kukesha huamsha kifafa. Mwezi wa Ramadhani asiyebaleghe hana faradhi ya saumu, na mgonjwa ana ruhusa. Kijana atakaye kufunga azungumze na tabibu wake mapema kuhusu kupanga dozi baina ya futari na daku, wala asiruke hata moja kwa hiari yake.

Ikipita miaka 2 pasipo kushikwa hata mara moja, tabibu aweza kufikiri kuipunguza dawa, kwa miezi, kidogo kidogo, na watoto wengi huachana nayo salama. Uamuzi huo ufanywe kliniki, kwa kuangalia aina ya kifafa na daftari lako, usifanywe na shangazi aliyesema mtoto amekwisha pona.

Neno la mwisho ni la jambo liharibulo tiba nyingi zilizoanza vizuri. Vituo vyetu vya afya mara kwa mara huishiwa na dawa hizi, na mzazi aliyetembea kutwa huambiwa arudi wiki ijayo, naye hana kitu nyumbani. Basi usingoje kidonge cha mwisho. Jua ni duka gani la dawa mjini kwenu huiuza, na bei yake, kabla hujaihitaji. Na ukiambiwa haipo, uliza kabla ya kuondoka wapi ilipo. Inuka sasa uvihesabu vidonge vya mwanao: vikiwa havifiki vya wiki 2, safari ya kituoni ni kesho asubuhi.